Goti la Hiari na Goti la Ratiba

Aliyesoma shule ya msingi huku kwetu anaijua amri hii: "Piga magoti!" Mimi niliipata mara nyingi kwa kosa la kuchelewa namba. Tulipangwa mbele ya mlingoti wa bendera, magoti juu ya kokoto, mikono juu, jua la saa nne likituwakia utosini. Dakika za mwanzo maumivu ni makali. Baadaye goti linakufa ganzi na unabaki kuwatazama siafu.

Siku moja mwenzetu mmoja, mtoto mkimya sana, alifika kwa wakati na hakuwa na kosa lolote. Mdogo wake alikuwa kwenye mstari wetu, kwa kuwa alirudi nyumbani kufuata ufagio aliousahau na namba ikampita. Yule kaka akaweka madaftari yake chini, akaja akapiga magoti pembeni ya mdogo wake. Mwalimu wa zamu akamwambia ainuke. Hakuinuka. Akaambiwa tena, hakuinuka. Mwalimu akabaki na fimbo yake mkononi, kwani utampigishaje magoti mtu aliyekwisha kuyapiga mwenyewe?

Namkumbuka mtoto yule kila unapozuka mjadala wa wanamichezo wanaopiga goti. Kwa miaka kumi sasa watu wanabishana kama goti lile ni heshima au ni dharau, ni siasa au ni utu. Nadhani ubishi huo umetupotezea muda mwingi. Cha kuangalia ni nani aliyeamua goti lipigwe, na nani anayelipa gharama yake.

Turudi Agosti 2016. Colin Kaepernick alikuwa na miaka 28, kwotabeki wa San Francisco 49ers, yaani yule mchezaji anayeushika mpira kwanza na kuamua uende wapi. Katika futiboli ya Kimarekani hakuna nafasi inayotazamwa kuliko hiyo. Miaka mitatu kabla alikuwa ameifikisha timu yake fainali ya Super Bowl, wakafungwa na Baltimore Ravens 34 kwa 31. Kisha ukaja mwezi Julai 2016. Tarehe 5 polisi walimuua Alton Sterling mjini Baton Rouge, Louisiana. Kesho yake polisi wa Minnesota akampiga risasi Philando Castile, mfanyakazi wa jiko la shule, ndani ya gari ambamo walikuwamo pia mwenzi wake na mtoto mdogo. Yule mama alirusha moja kwa moja kupitia simu yake yaliyofuata baada ya risasi, na dunia nzima ikaona.

Mechi za maandalizi ya msimu zilipoanza, Kaepernick alibaki amekaa kwenye benchi wakati wimbo wa taifa unapigwa. Mwanzoni hakuna aliyegundua. Tarehe 26 Agosti, kwenye mchezo dhidi ya Green Bay Packers, picha ikasambaa na waandishi wakamuuliza. Akajibu waziwazi kwamba hatasimama kuonyesha fahari kwa bendera ya nchi inayowakandamiza watu weusi. Ukilisoma jibu lile leo, utaona alijua anachokiingia: alisema wakimnyang'anya mpira na mikataba ya matangazo, atajua kwamba alisimamia haki.

Kilichofuata hakisimuliwi vya kutosha. Nate Boyer, askari wa zamani wa kikosi maalumu cha Jeshi la Marekani aliyewahi kujaribiwa na Seattle Seahawks mwaka 2015, alimwandikia barua ya wazi. Boyer alikuwa ameumia. Bendera ile kwake ilikuwa kitambaa kinachofunika majeneza ya rafiki zake. Kaepernick hakumjibu kwa maneno ya mitandaoni, alimwomba waonane. Walikutana San Diego tarehe 1 Septemba, saa chache kabla ya mechi dhidi ya Chargers. Boyer akamshauri asikae peke yake kwenye benchi, ajongee kwa wenzake na apige goti moja, kwa sababu askari nao hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao. Usiku ule uwanja ulikuwa umeandaliwa sherehe ya kuwaenzi wanajeshi. Wimbo ulipoanza, Kaepernick na mwenzake Eric Reid wakashuka goti moja. Boyer akasimama wima pembeni yao, mkono kifuani. Watazamaji wakazomea.

Baadaye Reid aliandika kwamba walichagua goti kwa sababu ni ishara ya heshima, kama bendera inayopeperushwa nusu mlingoti. Na ndani ya mchezo wao goti lilikuwa na maana hata kabla ya siku ile. Mchezaji anapoumia vibaya, wenzake wa timu zote mbili hushuka goti moja na kunyamaza mpaka abebwe. Mtoto yeyote wa Marekani aliyewahi kuvaa kofia ngumu ya mchezo huo amefundishwa hivyo. Basi goti la Kaepernick lilikuwa linasema jambo ambalo kila mchezaji pale alilijua: kuna mtu yuko chini.

Kwa sikio la Mswahili, goti lina kelele nyingine. Kumpigia mtu magoti ni kumsihi. Bukoba na Buganda, mwanamke humwamkia mkubwa wake akiwa magotini, na bibi zangu wangeshangaa kusikia kwamba mtu anaweza kuudhika kwa kupigiwa goti. Kanisani goti ni sala. Kituo cha polisi ni kudhalilishwa, shuleni ni adhabu. Kwa hiyo watu wengi huku walipoiona picha ile mara ya kwanza waliuliza: huyu anamwomba nani msamaha? Swali la haki kabisa. Hata Uingereza waziri wa mambo ya nje wa wakati ule, Dominic Raab, alisema mwaka 2020 kwamba analiona goti kama alama ya kutiishwa, na kwamba yeye angepiga goti kwa Malkia na kwa mkewe siku ya kumchumbia tu.

Raab alikosea, lakini kosa lake linafundisha. Goti ni alama ya kutiishwa pale mwenye nguvu anapolidai. Likitolewa bila kudaiwa, tena mahali ambapo amri ni kusimama, linageuka kuwa kitu kingine kabisa. Februari 1965, Martin Luther King Jr. alipiga goti mtaani Selma, Alabama, akiongoza sala pamoja na waandamanaji waliokuwa wamekamatwa wakidai haki ya kujiandikisha kupiga kura. Hakuna anayeitazama picha ile akadhani King anamwomba radhi mkuu wa polisi. Mwili unaosema "sitapigana nawe, wala sitakutii" humchanganya mwenye rungu, kama alivyochanganyikiwa mwalimu wetu wa zamu.

Waliomkasirikia Kaepernick walidai ameleta siasa uwanjani. Hoja hiyo siikubali, na sababu yangu ni ya mahesabu. Mwaka 2015 maseneta wawili wa chama cha Republican, John McCain na Jeff Flake, walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa imezilipa timu za michezo dola milioni 6.8 kwa shughuli za kizalendo viwanjani: kufunua bendera kubwa, kuimba wimbo wa taifa, kuwatambulisha askari mbele ya mashabiki. Mashabiki walidhani ni moyo wa timu zao, kumbe kulikuwa na ankara. Mwaka uliofuata NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ikarudisha zaidi ya dola 700,000. Siasa ilikuwa uwanjani siku zote, imevaa sare na imelipiwa. Kaepernick alileta yake bila kulipwa.

Sisemi alikuwa malaika. Aliwahi kuonekana mazoezini amevaa soksi zenye picha za nguruwe waliovalishwa kofia za polisi. Lilikuwa kosa, na liliwapa wapinzani wake silaha ya bure: mtu anayedai polisi wamtazame mtu mweusi kama binadamu hana sababu ya kuwachora polisi kama wanyama. Lakini soksi zile hazikuwa sababu ya kibarua chake kuota nyasi. Mchezo wake wa mwisho ulikuwa tarehe 1 Januari 2017. Akajitoa kwenye mkataba na 49ers, akasubiri simu. Ligi ina timu 32, nyingine zikisajili makwotabeki ambao hata mashabiki wao hawakuwajua majina. Simu haikulia. Septemba 2017 Rais Donald Trump, akihutubia Huntsville, Alabama, akawatukana wachezaji wanaopiga goti na kuwataka wamiliki wa timu wawafukuze. Jumapili iliyofuata zaidi ya wachezaji 200 walikaa au kupiga goti, na baadhi ya wamiliki wakashuka viwanjani kushikana mikono na wachezaji. Oktoba mwaka huo Kaepernick aliishtaki ligi kwa madai kwamba wamiliki walikula njama kumnyima kazi. Februari 2019 wakamalizana kwa siri. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mwezi ule ule wa Agosti 2016, siku tano kabla ya picha ya Kaepernick kusambaa, sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa macho kumtazama Eliud Kipchoge akichukua dhahabu ya marathoni Rio. Nyuma yake alikuja Mwethiopia Feyisa Lilesa. Alipokaribia mstari aliinua mikono, akaipishanisha juu ya kichwa kama mtu aliyefungwa pingu, ishara ya Waoromo, watu wa kabila lake, waliokuwa wakiuawa kwenye maandamano nchini kwake. Wengi wetu tulikuwa tunashangilia Kipchoge, hatukuona. Lilesa hakupanda ndege ya kurudi nyumbani. Aliishi uhamishoni miaka miwili, akarejea Oktoba 2018 baada ya serikali kubadilika. Kila ninapowafikiria Kaepernick na Lilesa nakuta jambo lile lile: ishara ya sekunde chache, bili ya miaka.

Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 25 Mei polisi mmoja wa Minneapolis aliweka goti lake kwenye shingo ya George Floyd kwa dakika 9 na sekunde 29. Goti. Sijui kama kuna mwandishi angethubutu kubuni ulinganifu wa kikatili namna hiyo. Ndani ya siku chache Marcus Thuram wa Borussia Mönchengladbach alifunga bao dhidi ya Union Berlin, akashuka goti bila shamrashamra. Tarehe 5 Juni mkuu wa NFL, Roger Goodell, akatokea kwenye video na kukiri kwamba ligi ilikosea kutowasikiliza wachezaji. Jina la Kaepernick hakulitaja. Na tarehe 17 Juni, Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanza tena kwa mchezo wa Aston Villa na Sheffield United, kipenga kikalia na wachezaji wote 22 wakapiga goti pamoja na mwamuzi.

Niliutazama mchezo ule kwenye kibanda umiza cha mtaani. Kelele zote za kibanda zilikatika kwa mara moja. Mzee mmoja aliyekuwa akimenya karanga aliacha, akauliza kwa sauti ya chini, "Wanamwombea yule wa Marekani?" Mtu akamjibu ndiyo. Sekunde zile kumi zilikuwa nzito, nakiri. Nilihisi donge kooni.

Miezi minane baadaye nilikuwa kwenye benchi lile lile. Kipenga kililia, wachezaji wakashuka, na hakuna kichwa kilichoinuka. Vijana walikuwa wanazitumia sekunde zile kuhakiki mikeka yao kwenye simu. Muuza kahawa alikuwa anapita. Goti lilikuwa limekuwa kama tangazo la kabla ya habari. Sikuwalaumu wale vijana, maana hata mimi nilikuwa natafuta chenji.

Wilfried Zaha wa Crystal Palace aliliona hilo kabla ya wengi. Mwanzoni mwa 2021 alisema goti limekuwa sehemu tu ya taratibu za kabla ya mechi, kwamba wachezaji weusi wanaendelea kutukanwa wapige goti wasipige, na kwamba wazazi wake walimlea ajivunie weusi wake akiwa amesimama. Machi mwaka huo akawa mchezaji wa kwanza wa ligi hiyo kubaki wima wakati wengine wote wako chini. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka: mwaka 2016 aliyepinga alipiga goti katikati ya waliosimama, na mwaka 2021 aliyepinga alisimama katikati ya waliopiga goti. Kwangu mimi Zaha na Kaepernick walifanya kitendo kimoja. Agosti 2022 manahodha wa ligi wakakubaliana goti lipigwe kwenye mechi maalumu tu: raundi ya kwanza, sikukuu ya baada ya Krismasi, fainali na kadhalika. Likapata ratiba yake rasmi.

Sitaki kusema goti la Uingereza halikuwa na thamani yoyote. Wakati mashabiki walipozomea, lilipata uhai tena. Desemba 2020 watazamaji waliporuhusiwa kurudi, wale wa Millwall waliwazomea wachezaji waliopiga goti. Kabla ya Euro, Juni 2021, timu ya taifa ya England ilizomewa na mashabiki wake yenyewe mjini Middlesbrough, na waziri wa mambo ya ndani, Priti Patel, akaliita goti siasa za maigizo. Kocha Gareth Southgate akasema vijana wake wataendelea. Tarehe 11 Julai Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka wakakosa penalti kwenye fainali, na usiku ule ule simu zao zikajaa matusi ya nyani na ndizi. Patel akalaani. Beki Tyrone Mings akamwambia hadharani kwamba huwezi kuchochea moto mwanzoni mwa mashindano kisha ukajifanya umeshtuka unapowaka. Saka alikuwa na miaka 19.

Mahali goti lilipopinda kabisa ni Afrika Kusini. Oktoba 2021, kwenye Kombe la Dunia la kriketi Dubai, bodi ya kriketi ya nchi hiyo ilitoa agizo saa chache kabla ya mchezo na West Indies: wachezaji wote wapige goti, hakuna mjadala. Quinton de Kock, mzungu, akajiondoa kikosini. Siku mbili baadaye akaomba radhi, akaeleza kwamba ana mama wa kambo mweusi na ndugu machotara, na kwamba kilichomchoma ni kuamriwa. Mchezo uliofuata, dhidi ya Sri Lanka, akapiga goti.

Simtetei de Kock. Alikuwa na mwaka mzima wa kueleza anachokiamini na akachagua kukaa kimya, katika nchi ambayo kimya cha mzungu kina historia. Lakini ile bodi ilitupeleka wapi? Ilitoa amri ya mwalimu wa zamu. Baada ya agizo lile, ukimwona mchezaji yuko magotini hujui tena kama anamlilia Floyd au anaogopa kuachwa kikosini.

Na wakati bodi inahangaika na picha ya televisheni, mwaka mmoja nyuma Makhaya Ntini alikuwa ameshaeleza tatizo lenyewe lilipo. Ntini ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini kriketi. Alisimulia kwamba asubuhi za mechi alikuwa akimpa dereva wa basi begi lake, kisha anakimbia kwa miguu mpaka uwanjani, na jioni anakimbia kurudi hotelini. Wenzake walidhani anapenda mazoezi. Alikuwa akiukimbia upweke: akikaa nyuma ya basi wao wanakwenda mbele, na jioni hakuna aliyegonga mlango wake kumwita chakulani. Miaka yote ile mwili wa Ntini ulikuwa unaandamana barabarani peke yake, mbele ya macho ya timu nzima.

Watanzania tuna sura yetu katika kitabu hiki. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, John Walker wa New Zealand akiwa wa pili. Dunia ilisubiri warudiane Montreal mwaka 1976. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, Kamati ya Olimpiki ikakataa kuichukulia New Zealand hatua, na Tanzania ikagoma pamoja na nchi nyingine zaidi ya 20 za Afrika. Naamini ule mgomo ulikuwa wa haki. Naamini pia kwamba uamuzi ulikuwa wa serikali na gharama ilikuwa ya Bayi. Walker alichukua dhahabu. Deni hilo kwa Bayi hatujalisema kwa sauti inayostahili.

Watu huniuliza kama na wachezaji wetu wapige goti kwa ajili ya maovu ya huku. Nawajibu waangalie walichofanya Wakongo. Tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya wenyeji. Wimbo wa taifa wa Kongo ulipopigwa, wachezaji kumi na mmoja walifunika mdomo kwa kiganja cha mkono wa kulia, na kwa vidole viwili vya kushoto wakajiwekea bastola kwenye kichwa. Kocha wao Mfaransa, Sébastien Desabre, alifanya vivyo hivyo. Mshambuliaji Cédric Bakambu alikuwa ameandika kwamba kila mtu anaona mauaji ya mashariki mwa Kongo na kila mtu amenyamaza. Ishara ile ilikuwa yao. Hawakuazima goti la mtu, na mtu wa Goma au Bukavu hakuhitaji kutafsiriwa.

Wimbo ukaisha, mikono ikashuka, mpira ukaanza. Sébastien Haller akafunga, Kongo ikatolewa kwa bao 1-0. Wiki hiyo mapigano yalikuwa yamefika Sake, kilomita zipatazo 25 kutoka Goma, na watu walikuwa barabarani na magodoro vichwani.